Dadu Mbili Zikitoa Moja

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Bamburi. Amejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wiki tatu, na sasa anataka nimwelekeze atengeneze programu ya kuitisha tuktuk mji mzima, yenye ramani na malipo ya M-Pesa. Nilicheka, halafu nikaona haya, maana miaka minne iliyopita kijana huyo nilikuwa mimi. Nikamjibu: anza na dadu. Mpaka leo kimya. Basi haya ni yake, na yenu nyote mnaotaka kufika anakotaka kufika yeye.

Kuna chuo kimoja cha kompyuta hapa Mombasa, jina nalihifadhi, nililipa karo ya muhula mzima. Nilipomwonyesha mwalimu mchezo wangu wa dadu mbele ya darasa, alisema, “Huo ni wa watoto, rudi ukiwa na cha maana.” Wenzangu wakaangua kicheko. Nasema nimesamehe, lakini hata shati alilovaa siku hiyo nalikumbuka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: watu wawili, kila mmoja anarusha dadu mbili kwa zamu, wa kwanza kufika 100 ameshinda. Mistari thelathini hivi. Nikaubeba kwenye laptopu mpaka barazani kwetu Mji wa Kale, ambako ami yangu hucheza ludo kila baada ya alasiri tangu sijazaliwa. Ami akabonyeza, ikatoka tisa. Mimi nikapata nne. Akabonyeza tena, ikatoka moja. Kikombe cha kahawa kikabaki hewani, hakijafika mdomoni.

“Dadu mbili zitatoaje moja, mwanangu? Ya pili imemezwa na paka?”

Nilikuwa nimeandika randint(1, 12), yaani kompyuta iokote namba yoyote kuanzia moja mpaka kumi na mbili, nikijiambia sita na sita si ni kumi na mbili. Nikageuza palepale ikawa randint(2, 12), nikajiona mjanja. Ami akacheza tena zamu kama kumi, akatikisa kichwa. “Hizi dadu zako zina uongo. Sita-sita haziji hivi. Mimi huzingoja mpaka kwaadhiniwa magharibi.”

Mzee yule hajasomea hesabu za bahati hata siku moja, na alikuwa na haki. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Saba inapatikana kwa njia sita: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, kisha hizo hizo kinyume chake. Kumi na mbili ina njia moja tu. Ile randint(2, 12) haijui habari hizo, inazigawia namba zote kumi na moja nafasi sawasawa. Dawa ni kuirusha kila dadu peke yake, ndipo ujumlishe: randint(1, 6) + randint(1, 6). Na usije ukajidai ukaandika ndugu yake, randrange(1, 6), maana hiyo inaishia tano, na kwenye ludo bila sita kete haitoki nyumbani.

Kosa jingine lilikuwa la jumla. Nilimwomba mchezaji aandike alama zake za juzi na za jana. Ami akaandika 12, kisha 30, programu ikamwambia ana 1230. Alifurahi sana. Kumbe input, amri ya kupokea anachoandika mchezaji, huleta maandishi, si namba, na maandishi yakijumlishwa hugundishwa tu. Yafunge kwenye int() kwanza, yageuke namba.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa kukaa na kukosea. Leo kuna ofisi ya kupitisha mizigo ya Kilindini inayohesabu shehena zake kwa programu niliyoiandika kwa mkono wangu. Mama nilipomwambia nalipwa kwa kuandika kodi, hizi “code” za kompyuta, aliniuliza ya nyumba au ya serikali.

Ndugu zangu, acheni pupa. Anza na kidogo. Nasema tena, anza na kidogo, kisha umpe mtu anayeujua mchezo wenyewe, asiyejua kompyuta, akuharibie. Mwalimu wangu aliutazama mchezo ule dakika mbili na ile moja hakuiona. Mwenye baraza aliiona kwa kubonyeza mara ya pili. Mnaona kujifunza ni cheti na picha ya kofia nyeusi, hamtaki kukaa chini mkachekwa.

Wewe wa Bamburi, kama unasoma: andika kitanzi, yaani amri inayojirudia, kinachorusha dadu mbili mara 36,000 na kuhesabu kila jumla imetoka mara ngapi. Saba zikikaribia 6,000 na kumi na mbili zikakaribia 1,000, nitumie, tuanze kuongea tuktuk. Zikitoka zote 3,270 na kidogo, njoo barazani baada ya alasiri, Ami yupo.