Mafunzo ya Wahudumu na Dawa za Kutuliza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia makao ya watu wazima wenye ulemavu wa akili. Kila mkazi anapopiga kelele au kujipiga, wahudumu huomba apewe dawa ya kutuliza. Je, mafunzo yatasaidia?

JIBU: Yatasaidia sana, mradi yaanze na kutafuta chanzo cha tabia. Asiyeweza kujieleza kwa maneno huenda anaumwa jino, amefunga choo au anaogopa kelele. Dawa humnyamazisha huku maumivu yakibaki, na zikitumiwa muda mrefu baadhi ya dawa hizo huleta unene, kutetemeka na usingizi wa mchana, jambo ambalo kwa kweli ni dhuluma. Wafundishe kuandika kilichotangulia kila tukio, kisha wampe daktari kumbukumbu hizo. Dozi ipunguzwe naye, polepole, kwa kuwa kuikatisha ghafla ni hatari.