Viwavijeshi vamizi: usiwafukuze wanaowala

Mahindi yakishatoa majani matatu au manne, kagua shamba mara mbili kwa wiki. Pita kwa zigizaga, simama sehemu tano, kila sehemu angalia miche kumi. Kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka Amerika aliyeripotiwa Tanzania 2017, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyokaa kwa umbo la mraba karibu na mkia. Kama iliyoshambuliwa haijafika miche kumi kati ya hiyo hamsini, bomba la dawa libaki stoo. Kiwavi mkubwa amejificha ndani ya moyo wa mche, kinyesi kimemziba kama unga wa mbao; sumu humpata kwanza nyigu, adui wa kiwavi, anayezunguka juu ya majani. Ikifika hapo au kuzidi, anza na majivu makavu au mchanga laini, kwenye mche ulioliwa tu.

Mayai hutagwa kwa mafungu ya 100 hadi 200, yamefunikwa manyoya. Usiyaponde. Kata kipande cha jani, kiweke kwenye kopo lililo wazi, kopo lisimame juu ya jiwe ndani ya beseni la maji yenye sabuni kidogo. Viwavi hutoka baada ya siku mbili tatu, hutambaa na kuzama. Nyigu wadogo mno waliokulia ndani ya mayai huchelewa, takriban siku kumi, kisha huruka kurudi shambani. Wengi humwaga kopo siku ya nne na kuwaua hao hao wanaowahitaji. Beseni likae pasipo upepo, kwani kiwavi mchanga hujirusha kwa uzi wake akavuka maji, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Kuwaita sisimizi, ambao nao hula viwavi, koroga vijiko vinne vya sukari katika lita moja ya maji, unyunyizie miche michache hapa na pale. Supu ya dagaa isiyo na chumvi nayo inafaa. Ila penye vidukari acha kabisa: sisimizi hunyonya utamu wao na kuwalinda wasiliwe.

Wakati wa palizi utakuta vifuko vyeupe kama pamba kando ya kiwavi aliyelegea, au kimoja chenye madoa meusi kinachoning'inia kwa uzi. Ni vya nyigu, si mayai ya mdudu mharibifu. Kikianguka, kipachike kwenye mche wa karibu.