Tangazo la Tatu

Juzi saa saba usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, la kwanza limesomwa, la pili limesomwa, jana kaniambia haoi tena. Jumapili ndiyo la tatu. Uso wangu nitauweka wapi?" Hakusema matangazo gani, lakini ni ya ndoa, yale yanayosomwa kanisani Jumapili tatu kabla ya harusi. Aliyepita njia hiyo haulizi.

Langu lilikuwa mwaka 2014. Kamati ilishakaa vikao vitano, mama zangu wakubwa kule Machame walishashona sare za send-off. Siku ya Alhamisi mwenzangu akapiga simu, akasema "nimetafakari". Neno hilo hadi leo nikilisikia kwenye mahubiri tumbo linanikata. Kesho yake fundi naye akapiga: "Dada, gauni nimalizie au niache?" Nikamwambia amalizie. Usiniulize kwa nini.

Jumapili nilikwenda ibadani, na nakiri ni kiburi kilichonipeleka, wala si imani. Mzee wa kanisa alisoma majina ya jozi tatu. Wiki iliyotangulia zilikuwa nne. Nilisikia mabenchi yakilia watu walipogeuka kunitafuta. Nikakaza shingo mpaka baraka, na nje mnada wa sadaka zilizoletwa kanisani ulikuwa umeshaanza. Nikainua mkono kufuta machozi, mnadishaji akadaka: "Elfu thelathini kwa dada!" Nikarudi nyumbani na jogoo. Nilikaa naye miezi mitatu, sikuwa na moyo wa kumchinja.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na hakina utamu wa kusimulia. Nilikuwa na daftari la michango lenye majina 86. Ukumbi ulikataa kurudisha malipo ya awali, kwa hiyo nilirudisha fedha za watu kutoka mshahara wangu, jina moja moja, kwa miaka miwili. Yeye hakuchangia hata senti. Nimeshamsamehe, lakini hilo nalitaja.

Walionifariji waliniumiza kuliko yeye. Siku ya tatu tu shangazi yangu alinisomea Mwanzo 50:20, pale Yusufu anapowaambia ndugu zake kwamba walimkusudia mabaya lakini Mungu aliyakusudia kuwa mema. Nikaitikia amina huku moyoni nawaka. Baadaye nikaisoma habari yote mwenyewe, taratibu, na hapo ndipo nilipopona nusu.

Hesabu nami. Yusufu ana miaka 17 habari inapoanza, na muda si mrefu anauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Anasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Inapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, ndipo anajitambulisha kwa ndugu zake. Yakobo anaishi Misri miaka 17 kisha anafariki, na ni baada ya msiba huo Yusufu anatamka lile neno. Ana kama miaka 56! Shangazi alinitaka nilitamke siku ya tatu.

Na katikati hapo analia. Mtoto wake wa kwanza alimwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba yote ya baba yake. Amesahau wapi? Ndugu zake wanatokea kununua nafaka, anageuka pembeni analia. Wanarudi na Benyamini, anakimbilia chumbani analia, ananawa uso, anatoka kuamuru chakula kiandaliwe. Huyo ndiye waziri wa Farao. Mpendwa unayesoma hapa, nani kakudanganya kwamba machozi yako ni upungufu wa imani? Acha kujilazimisha kushuhudia kabla hujamaliza kulia! Mungu hana haraka na ushuhuda wako.

Najua mnasubiri niseme nilipata mume bora zaidi. Nilipata, na ukumbi ulijaa. Lakini maana ya jeraha langu sikuipata harusini. Niliipata jioni moja mama mchungaji aliponiletea binti aliyeachwa wiki hiyo, akatuachia sebule. Binti akaniuliza swali ambalo hakuna mwingine angelijibu: michango unairudishaje? Nikaenda chumbani nikatoa lile daftari. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 1:4 kwamba Mungu hutufariji ili nasi tuwafariji walio katika dhiki. Nilikuwa nalijua andiko hilo tangu kipaimara. Siku ile nilikuwa nimelishika mkononi, lina madoa ya chai. Tangu hapo wamekuja wengine wanne.

Kwa hiyo mdogo wangu, omba, lia, omba tena. Usichome gauni. Andika majina ya waliochanga, waambie utawarudishia polepole. Anayekuletea Mwanzo 50 wiki hii mshukuru, mpe chai, aende.

Na Jumapili nenda ibadani, kaa karibu na mtu anayekupenda. Mnada ukianza, mikono mfukoni.