Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Ninarudia Vitabu Vile Vile

Buruburu, Nairobi

Mwanangu Zawadi,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Nami hapa nyumbani sijambo, isipokuwa goti langu ambalo bado linapenda kunitangazia mvua kabla haijanyesha. Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukitoa vitabu rafuni ili fundi apake ukuta rangi, uliishika nakala yangu ya The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells kuhusu watu wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza, ukaona jinsi mgongo wake unavyoshikiliwa na selotepu, ukaniuliza: "Mama, hiki umekisoma mara ngapi? Mwisho unaujua, watu wa Mirihi unajua watakufa, sasa kinachokurudisha humo ni nini? Na mbona vile vipya nilivyokununulia bado vimo ndani ya plastiki?" Nilicheka nikakutuma ukaangalie chai jikoni, nawe bila shaka ulifikiri nimekukwepa. Kweli nilikukwepa, kwa sababu jibu lake ni refu, na fundi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

Ukisoma hadithi inayotokea hapa Nairobi, mwandishi hana haja ya kukueleza matatu ni nini, wala kwa nini mtu anayeshuka Muthurwa anaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Wewe ni mwenyeji, unaingia moja kwa moja katika shida za watu. Riwaya za kifantasia na zile za kubuni za kisayansi haziko hivyo, kwa sababu mwandishi ameumba nchi nzima yenye sheria, lugha na maumbile yake, nawe unafika huko bila kumjua mtu. Akili yako yote inaishia katika kujifunza njia. Nilipoisoma Dune ya Frank Herbert kwa mara ya kwanza, riwaya ya mwaka 1965, kidole changu hakikutoka kwenye faharasa iliyo nyuma ya kitabu, na furaha yangu kubwa ilikuwa kuyakuta humo maneno "adab" na "baraka", yakiwa yamepewa maana nyingine lakini sura zao ni za nyumbani, nikamringia marehemu baba yako ambaye hakuwa mtu wa Pwani. Nilikimaliza kitabu bila kutambua kwamba mwandishi alimtilia shaka shujaa yule yule niliyekuwa nikimshangilia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vitabu vya namna hii, kwa jinsi nilivyoishi navyo, havimpi msomaji jembe mpaka arudi.

Sasa nije kwenye hicho ulichokishika. Nilikinunua mwaka 1983 kwa mmoja wa wale wauzaji wanaotandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia pembeni mwa Mtaa wa Tom Mboya, kwa fedha ambazo zingetosha chakula cha mchana, nikakisoma kwa usiku mbili. Nilichobaki nacho ni mitambo ya miguu mitatu, mwale wa joto unaounguza kila kitu, na watu wa London wakiukimbia mji wao. Sikukirudia mpaka mwaka 2000, ule mwaka ambao ukame ulipunguza maji ya mabwawa na umeme ukawa wa mgao. Wewe ulikuwa na miaka minane, ukifanya hesabu zako upande wa pili wa taa ya chemni, nami nikachukua kitabu ambacho mwanga hafifu haungeniharibia, kwa kuwa nilidhani ninakijua.

Katika sura ya kwanza kabisa, kabla chombo hata kimoja hakijaanguka, H. G. Wells anamtaka msomaji wake asiwahukumu watu wa Mirihi kwa ukali kabla ya kukumbuka kwamba wakazi wa Tasmania walifagiliwa na wahamiaji kutoka Ulaya kwa muda wa miaka hamsini. (Wazao wao wapo hadi leo, kwa hiyo hakusema kweli yote, na hata anapowaonea huruma anawataja kama kwamba hana hakika kamili kuwa ni watu.) Mwaka 1983 macho yangu yaliiruka sentensi ile kama mtu anavyoruka dimbwi, kwa haraka ya kuifikia mitambo. Mwaka 2000 niliisoma nikaisimamisha taa ya akili yangu hapo hapo. Kitabu kilitoka mwaka 1898. Mwaka huo huo reli kutoka Mombasa ilikuwa Tsavo, simba wakiwala vibarua, na mwaka uliofuata ikafika kwenye kinamasi hiki ambacho Wamaasai walikiita mahali pa maji baridi, ambapo leo mimi na wewe tunagombania nafasi ya kuegesha gari. Nilikuwa nimesoma hadithi ya kuvamiwa kwa Uingereza, nikawahurumia Waingereza kwa moyo wangu wote, bila kuuliza ni nani wakati ule ule alikuwa akivamiwa kwa kweli na kwa mashine gani.

Usomaji wa tatu ulikuja baada ya kustaafu, na huo ndio ulionipa jembe. Unajua kwamba mwishoni watu wa Mirihi wanaangamizwa na vijidudu, kwa kuwa miili yao haikuvizoea. Wasomaji wengi hulalamika kwamba huo ni mwisho wa kubahatisha. Mimi naona ni mwisho wa huruma ambayo historia haikutuonyesha sisi. Huku kwetu, katika miaka ile ile ya 1890, sotoka iliua ng'ombe, ndui na njaa vikaua watu, na waliokuja kuchukua ardhi wakakuta sehemu kubwa imebaki tupu. Wells aliweka ugonjwa upande wa wenyeji, wakati Afrika Mashariki ulikuwa upande wa wageni. Jambo hili halikuandikwa ukurasani, wala mtu anayesoma ili ajue kitakachotokea hawezi kulifikia, kwa sababu yeye bado anakimbia pamoja na watu wa London.

Lakini usidhani kila kitabu ninachokirudia kinapona. Nilipokuwa msichana Mombasa nilikipenda kitabu cha Jules Verne kuhusu wasafiri watatu wanaovuka Afrika kwa puto, cha mwaka 1863, kwa sababu moja tu: safari inaanzia Zanzibar, na sikuwa nimewahi kuona mahali ninapopajua kwa jina pakitajwa katika kitabu cha ajabu. Nilipokirudia nikiwa mtu mzima nilikutana na mzaha ambamo wasafiri wanawadhania nyani kuwa ni wenyeji, na mmoja wao anasema kwamba ukiwa mbali tofauti si kubwa. Msichana yule wa Mombasa lazima aliusoma mzaha huo. Pengine alicheka. Sijakirudia tena kitabu hicho, wala sijakitupa.

Kilichonifundisha kurudia vitabu, hata hivyo, si cha Kiingereza. Ni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ambayo wewe huihesabu kuwa kitabu cha shule na kuiweka mbali na vitabu vyangu vya "mambo ya angani", ilhali nchi yenyewe iko angani hasa. Shuleni tulikariri majina ya wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, kwa sababu mtihani ungeweza kuyauliza, nami nayakumbuka hadi leo kama orodha ya sokoni. Halafu nikawa karani wa mahakama. Mwaka 1986, katika mahakama moja ya jiji hili, niliona watu wakiletwa saa ambazo ofisi nyingine zilikuwa zimekwisha kufungwa, wakakiri makosa bila kuwa na wakili, wakahukumiwa, nami kazi yangu ikawa kuandika namba za majalada na kuyapanga. Sikulala vizuri miezi ile. Usiku mmoja niliichukua Kusadikika kwa kuwa ilikuwa nyembamba.

Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Nikiwa mwanafunzi niliona kwamba anajitetea kwa ufasaha, na hivyo ndivyo nilivyojibu katika mtihani. Nikiwa karani niliona kwamba hajitetei hata kidogo. Kila akisimama anazungumzia mtu mwingine, mjumbe aliyetumwa kutafuta manufaa ya nchi, akarudi nayo, akaishia kifungoni. Karama anaifanya korti isikilize upya majalada sita yaliyokwisha kufungwa, moja baada ya jingine, mpaka waliohukumu wajisikie wenyewe. Fikiria, mwanangu, mimi niliyepanga majalada mchana kutwa, jinsi jambo hilo lilivyoniingia. Na Shaaban Robert aliweza kuyasema hayo chini ya utawala wa kikoloni kwa sababu aliiinua nchi yake hadi hewani, mahali ambapo hakuna afisa angedai kuwa ni wilaya yake. Watu husema hadithi za namna hii ni za kuikimbia dunia. Sijui ni nani aliyekimbia pale.

Katama Mkangi, mwana wa Pwani yetu ambaye naye aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ile ya 1980, alifanya jambo linalofanana na hilo katika Walenisi ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani ili akafie huko, anajifunza kukiendesha, anatua katika nchi nyingine iitwayo Walenisi. Naona aibu kukuambia kwamba nilihitaji kusoma mara mbili ndipo nikalitamka jina la nchi hiyo polepole: wale ni sisi.

Nimalizie na vile vya baba yako. Unajua ndiye aliyeleta nyumbani vitabu vya Earthsea vya Ursula K. Le Guin, ambavyo cha kwanza chake kilitoka mwaka 1968. Mhusika wake, Ged, kijana mwenye uwezo wa kutenda miujiza, ana ngozi ya kahawia, na maandishi yanasema hivyo wazi, lakini nakala ya baba yako ilikuwa na kijana mweupe kwenye jalada, na kwa miaka mingi nilimwona Ged mweupe kwa kuliamini jalada kuliko mwandishi. Vilevile sikuwahi kupata neno la kumwita kwa Kiswahili: mchawi kwetu ni mtu wa madhara, mganga ni mtu wa tiba, na yeye ni kitu kingine. Baba yako alisema nimwite mwalimu tu, nikakataa.

Kitabu cha tatu kilitoka mwaka 1972, na wengi walidhani hadithi imekwisha. Mwaka 1990, baada ya miaka 18, Le Guin mwenyewe aliirudia nchi aliyoiumba, akaandika Tehanu, kana kwamba ameketi akavisoma vitabu vyake na kujiuliza wanawake walikuwa wapi wakati wanaume wakipambana na majoka. Ged hana uwezo wake tena. Mhusika mkuu ni Tenar, mjane wa makamo mwenye watoto ambao ni watu wazima, anayemlea mtoto aliyeunguzwa moto. Nilipokisoma mara ya kwanza baba yako alikuwa hai, nikakiona kitabu kizito kisicho na safari. Nilipokirudia, miezi michache baada ya kumzika, nilikuta kwamba kina mambo yote ya nyumba yangu: kuni, maziwa, kufunga mlango usiku, na mwana wa kiume aliyerudi kutoka baharini akaacha sahani yake mezani ili mama aiondoe. Hapo mwenye kitabu akanishinda nguvu, nikampigia simu kaka yako usiku ule ule kuhusu vyombo. Naye hajui mpaka leo ni kwa nini.

Kuhusu vile vipya, nitavifungua. Nimekwisha kukitoa kimoja kwenye plastiki, chenye jalada la bluu, nami niko katika hatua ile ya kuuliza nani ni nani. Ila nilipopanga rafu upya baada ya rangi kukauka, Tehanu sikuiona. Nadhani imo katika lile boksi la sufuria ulilobeba. Ukija Jumamosi niletee, na ukiifungua usiitoe ile risiti ya stima ya mwaka 2012 iliyo katikati yake, kwa sababu hapo ndipo nilipoishia.

Mama yako