Nimpe pasiwedi yangu ya Gmail?

SWALI: Asalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni Jambiani, kijana aliyenitengenezea programu ya bukingi anataka pasiwedi ya Gmail yangu, eti ili vyumba viingie wenyewe kwenye kalenda ya Google. Nimpe?

JIBU: Waalaikum salaam bibi yangu, usimpe wallahi, hata awe mtoto wa dada yako. Kuna njia inaitwa OAuth 2.0, ipo tangu 2012, programu yake inakupeleka ukurasa wa Google wenyewe, pasiwedi unaandika huko huko, kisha unaulizwa unairuhusu ifanye nini, ukikubali Google inaipa tokeni, yaani kibali cha muda, kama vile unavyompa mgeni ufunguo wa chumba chake tu na sio wa nyumba nzima. Tokeni yenyewe inakufa baada ya saa 1 hivi, programu inaomba nyengine. Ila pale kwenye ruhusa soma taratibu bibi, ikiomba kalenda sawa, ikitaka na barua pepe kataa, inazitakia nini? Na juu pale kwenye anwani ya ukurasa pasomeke accounts.google.com. Siku mkiachana naye ingia akaunti yako, sehemu ya usalama, futa ruhusa ya programu yake, pasiwedi wala huigusi.