Viraka vya rangi kwenye chuma: anza na maji, malizia ukingoni

Wewe unayeanza kazi ya kurudishia rangi za matangi na mabomba, ukiona kutu usikimbilie grenda. Osha kwanza.

Tangi lililo karibu na bahari, Tanga au Mombasa, lina chumvi usiyoiona, na mara nyingi lina mafuta pia. Ukisugua kabla ya kuosha, unayatandaza mafuta na kuishindilia chumvi kwenye vishimo vya kutu. Futa mafuta kwa tina na vitambaa safi, ukibadilisha kila kinapochafuka, kisha osha kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Chuma chenye vishimo kioshwe tena baada ya kusuguliwa. Vishimo vikigeuka vyeusi upesi huku sehemu nyingine bado ni safi, chumvi imo, na rangi utakayopaka juu yake itatoa malengelenge.

Brashi ya waya ya mashine itumie kwa uangalifu. Inakiacha chuma kiking'aa na kuwapendeza watu, lakini ukiikandamiza sana inakilainisha, na epoksi, yaani rangi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, hukosa pa kushika. Kazi ikitaka kiwango cha SSPC-SP 11, yaani kusafisha kwa mashine za mkono hadi chuma kitupu, chuma kiwe na mkwaruzo usiopungua maikroni 25, kwa hiyo chukua bunduki ya sindano au diski ya msasa. Ikitaka Sa 2½, kiwango cha juu zaidi cha usafi, hapo ni kupiga mchanga tu, yaani kurusha chembe kali kwa hewa yenye shinikizo. Nasema "mchanga" kwa mazoea. Mchanga wa kawaida una silika inayoharibu mapafu, ukatae. Rangi nyekundu ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, isisagwe kavu kabla ya kupimwa.

Sasa ukingo, yaani pale rangi ya zamani inapokutana na chuma kitupu. Viraka vingi huanza kubanduka hapo, na hapo ndipo mafundi wengi hupapita haraka. Chukua kisu butu cha puti, kisukume chini ya rangi kuzunguka kiraka chote. Inaponyanyuka, kwangua na uendelee mbele hata kama kiraka kitakuwa mara mbili ya ulichopangiwa. Ikigoma, shika msasa ushushe ukingo taratibu, mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi, na kila tabaka lionekane kama mkanda wake. Endelea kukwaruza juu ya rangi nzima iliyo jirani hadi mng'ao uishe, kwa sababu rangi mpya itaipanda. Kama ulipiga mchanga, rudia jaribio la kisu: mchanga hulegeza rangi ya jirani bila kuonyesha dalili.

Weka pia kitambaa chenye tina juu ya rangi ya zamani kwa dakika chache. Ikilainika au kukunjamana, mwulize msimamizi kabla ya kuweka epoksi juu yake.

Futa vumbi, pima. Chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Praima (rangi ya msingi) ya kwanza kwenye vishimo na ukingoni isukume kwa brashi, siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu.