Kundi limenichosha, na zambarau yetu imetoka bluu

"Shikamoo Shangazi. Nasoma usanifu wa michoro hapa Dodoma, mwaka wa 2. Kundi letu la watu 5 limepewa kazi ya kutengeneza lebo ya zabibu kavu, pakiti ya gramu 250, za kikundi cha akina mama wa Hombolo. Zimebaki wiki 3. Wawili hawaonekani kabisa. Mwingine hufungua faili usiku, anabadilisha fonti na rangi bila kumwambia mtu, asubuhi tunaanza upya. Juzi tuliprinti ya majaribio, zambarau yetu ikatoka bluu, tukagombana mpaka tukanuniana. Juu ya hayo, mwalimu anataka kila mmoja aandike kurasa 2: malengo yake, vitu vinavyompa msukumo na alichojifunza katika kazi ya kundi. Nimeandika sentensi moja tu: 'Nataka kuwa mbunifu bora.' Je, niombe kuhamishwa kundi?" Msomaji, Nkuhungu.

Marahaba mwanangu. Usiombe kuhama, angalau si wiki hii. Ukiirudia barua yako taratibu utaona ugomvi umeanzia kwenye faili kabla ya kufika mioyoni. Watu 5, faili 1, na faili lenyewe halina mwenyewe. Hata ndugu wa tumbo moja wangenuniana.

Tuanze na zambarau, maana ndiyo iliyowasha moto, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina 4: siani, majenta, njano na nyeusi. Zambarau ile inayong'aa kwenye kompyuta wino hauwezi kuifikia. Tena siani na majenta zikikaribiana kiwango, zambarau huegemea bluu. Badilisheni faili liwe la CMYK, yaani la wino hizo 4, tangu sasa, majenta izidi siani kwa asilimia 30 au zaidi. Jaribuni majenta 90 na siani 55, kisha mchape vipande 3 vidogo vyenye viwango tofauti kwenye karatasi ileile itakayotumika, mchague mkiwa nje juani. Taa ya chumbani hudanganya.

Kwa kuwa mko hapo hapo: acheni milimita 3 za rangi ya ziada kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia huyumba kidogo na mstari mweupe ukitokea pembeni lebo imeharibika. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino 4, mashine ikihama hata kidogo herufi zinakuwa na kivuli. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi, yaani upande wa sentimita 10 unahitaji pikseli karibu 1,180. Msitumiane picha za kazi kwenye WhatsApp kama picha, itawabania ubora. Zitumeni kama hati. Na kama akina mama wana msimbo wa mistari (wa Tanzania huanza na 620), uwe mweusi juu ya nyeupe, upana usipungue milimita 30 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Msiupake wekundu wa zabibu ili ufanane na lebo. Skana nyingi za dukani hutumia mwanga mwekundu, nao huona mistari myekundu kama nyeupe.

Sasa watu. Hao wawili wasioonekana, kabla hamjawaita wavivu, ulizeni kama wana kompyuta. Makundi mengi hukaa kuizunguka laptopu moja, na asiye nayo hujiona mgeni, akaacha kuja. Nusu ya kazi ya lebo haihitaji kompyuta. Mmoja apewe maneno: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, tarehe za kutengenezwa na kuisha, jina na anwani ya wazalishaji, yote yahakikiwe na akina mama wenyewe, neno kwa neno. Mwingine apewe vipimo na mchapaji. Apime pakiti ikiwa imejaa. Pakiti tupu hulala bapa. Ikishatiwa gramu 250 inavimba katikati, na sehemu ya mbele inayoonekana inapungua. Kundi lililopima pakiti tupu hukuta herufi ya mwisho ya jina imezunguka ubavuni.

Huyo wa usiku ndiye ningempa faili. Najua si jibu ulilolitegemea. Lakini ana kompyuta, ana muda, na ana hamu ya kazi hata watu wakiwa wamelala. Kilichokosekana ni mpaka. Awe yeye peke yake anayefungua faili kuu, na asibadilishe chochote kisichokubaliwa na kundi. Mwenye wazo, yeye akiwemo, analileta kama PDF tofauti kabla ya saa 12 jioni, pamoja na sentensi moja ya sababu inayomtaja mnunuzi. "Mimi naipenda" si sababu. "Mama anayesimama hatua 2 kutoka kwenye rafu hasomi jina" ni sababu, na inapimika: chapeni kwa ukubwa halisi, visheni pakiti, iwekeni kati ya bidhaa nyingine kwenye duka lolote la Majengo lenye mwenye duka mkarimu, mtazame. Matoleo yapewe namba, 01, 02, 03, na yale ya zamani yasifutwe.

Wewe na wa 5 mnabaki na uchoraji na ukaguzi. Wiki ya kwanza msiguse kompyuta kabisa: kila mmoja wenu 5 alete michoro 4 ya penseli, iwe 20, mchague 2. Wiki ya pili ni ya kompyuta, na siku ya 10 mchape majaribio. Mkiyaacha mpaka siku 2 za mwisho mtakosa muda wa kurekebisha. Wawili wale wakipewa kazi na bado wasije wiki ya kwanza, nenda kwa mwalimu na orodha ya majukumu mliyoiandika. Ukienda mapema utasaidiwa. Ukienda baada ya maksi utaonekana unalalamika.

Kurasa 2 hizo. Lengo lako la sasa ni dua njema, lakini halipimiki. Andika: "Hadi mwisho wa muhula niweze kuandaa faili la lebo ambalo mchapaji hanirudishii." Hilo linatosha.

Kwenye msukumo ndipo nakuomba ukae. Mkitafuta zabibu intaneti mtaletewa mashamba ya Ufaransa na majumba ya mawe, na lebo ya Hombolo itafanana na chupa ya ng'ambo. Chukua kanga ya mama yako, uitandaze. Pindo linazuia jicho lisitoke nje. Mji, ile sehemu ya katikati, unabeba picha kuu. Jina, yaani msemo wa kanga, linakaa chini ya mji, mahali pamoja, kwa herufi zinazosomeka mtu akiwa anatembea. Huo ni mpangilio kamili wa lebo: fremu, picha, maneno. Kisha tazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kule Kolo wanyama wamechorwa kwa wekundu wa udongo, na twiga unamjua kwa umbo lake tu. Fanya hivyo na kichala chako: kichore kwa rangi 1, kipunguze hadi sentimita 2. Kikigeuka doa, punguza punje. Unapoandika, usiseme kanga ni nzuri; eleza imekufundisha nini na ulikitumia wapi kwenye lebo.

Na sehemu ya kundi usiandike "tulishirikiana vizuri", mwalimu anajua si kweli. Anza na siku ile zambarau ilipotoka bluu: mliona nini, sababu ilikuwa nini, mlibadilisha viwango vipi. Kipande chenyewe cha karatasi kibandike pembeni ya aya, na kile kipya chini yake.